Nusu ya nyumba imezima, breka zote ziko juu, testa inawaka: kisa cha nyutro

Hiki kisa nakieleza kwa urefu maana ni tatizo linalowazungusha hata mafundi wazoefu, na haliwazungushi kwa ugumu wake, linawazungusha kwa sababu ile testa ya bisibisi ambayo kila mtu anatembea nayo mfukoni inajibu swali moja tu na mara nyingi sio swali ulilo nalo.

Nyumba yenyewe ni ya kawaida, fezi moja, volti 230, ya zamani kiasi kwamba nyaya bado ni zile nyekundu kwa laivu, waya unaoleta umeme, na nyeusi kwa nyutro, waya wa kurudishia. Malalamiko ni kwamba sebuleni TV imezima na ruta imezima, chumba kikubwa hamna kitu, chumba cha watoto hamna kitu. Wakati huohuo taa zote nyumba nzima zinawaka, jikoni friji inanguruma kama kawaida, birika linachemsha, na soketi ya kwenye korido inachaji simu bila shida. Ukienda kwenye dibii, lile boksi la breka, kila kitu kiko juu, mein swichi juu, RCD (ile inayokata umeme ukivuja) juu, breka zote juu.

Kabla yangu alishapita fundi mwingine. Akaingiza testa kwenye soketi ya TV, ikawaka, akaingiza ya chumbani, ikawaka, akasema mama umeme upo, vifaa vyako ndo vimeungua. Soketi ya chumba kikubwa ilikuwa imepasuka kava akaibadilisha akaweka mpya, akalipwa, akaenda zake. Baada ya hapo kijana wa nyumba akavuta ekstensheni kutoka jikoni mpaka sebuleni, akachomeka TV, TV ikawaka. Ndo nikapigiwa simu: "Fundi, mwenzako kasema TV imekufa, mbona hapa tunaangalia?"

Nikamwambia mama endeleeni na hiyo ekstensheni kwa TV tu, msiweke pasi wala hita, na kwenye soketi ambazo hazifanyi kazi chomoeni kila kitu, hata kama kinaonekana kimekufa. Hiyo ya kuchomoa nitaieleza mbele, ina sababu yake.

Nikipigiwa simu ya "nusu ya nyumba" swali langu la kwanza huwa ni la taa, zinabadilika mwanga? Taa zikiwa kali kuliko kawaida, au zinafifia na kukolea zenyewe kila kitu kikubwa kikiwashwa, hilo halihusiani na soketi, hapo nyutro inayotoka nje inaweza kuwa imelegea au imekatika, kwenye nguzo, kwenye mita, au pale inapoingilia mein swichi. Kwenye laini ya fezi tatu nyutro ikipotea volti ya nyumba moja inaweza kupanda kuelekea 400 huku ya jirani inashuka, na vifaa vinaungua kwa mkupuo. Hapo hamna kusubiri fundi, unazima mein swichi halafu unapiga simu kampuni ya umeme. Swali la pili ni nyumba ina fezi ngapi, maana yenye fezi tatu ikipoteza moja inazima theluthi yake kwa unadhifu kabisa na wewe unabaki kufungua soketi ambazo hazina kosa. Hapa majibu yalikuwa mazuri kwa upande huo, fezi moja, taa zimetulia. Kwa hiyo tatizo liko ndani ya nyumba, na liko kwenye soketi tu.

La tatu ni breka. Breka ikijikata mara nyingi haishuki mpaka chini, inabaki katikati, na mtu akiiangalia kwa haraka anaona iko juu. Inabidi uishushe mpaka chini kabisa ndo uipandishe. Mama alishafanya hivo kwa zote, hamna badiliko. Nilipofika nikapima pia upande wa kutokea wa kila breka maana kuna breka zinakufa ndani huku mkono uko juu, zote zikatoa volti 232. Dibii ikawa haina kosa.

Sasa kazi yenyewe. Dibii ilikuwa haina hata herufi moja, hujui breka gani inalisha wapi, na hili ndo jambo la kwanza la kufanya kabla hujashika bisibisi, kujua saketi, yaani njia ya waya wa breka moja, inaanzia wapi na inapita wapi. Nikachomeka taa ya meza kwenye soketi ya korido, nikawa nashusha breka moja moja. Breka ya amperi 20 ya pili kutoka kushoto ilipoenda chini, taa ikazima. Sasa zile zilizokufa utazijuaje ziko breka gani wakati taa haiwaki? Hapa testa inafaa sana, na mimi sio adui wa testa. Breka ikiwa juu testa inawaka kwenye soketi ya TV, breka ileile ikishuka testa inazima. Kwa hiyo korido, sebule na vyumba vyote viwili viko kwenye breka moja. Laivu inatoka kwenye breka, inafika mpaka chumba cha mwisho. Kinachokosekana sio laivu.

Nyumba nyingi soketi zake zimeungwa kwa kupokezana, yaani waya unatoka dibii unaingia soketi ya kwanza, kwenye skurubu ileile unatoka mwingine unaenda ya pili, mpaka ya mwisho. Ni kama watu waliojipanga wakipokezana ndoo, mmoja akiacha mkono, wote wa nyuma yake wanabaki mikono mitupu hata kama hawana kosa lolote. Ndo maana kubadilisha soketi ya chumbani hakukusaidia kitu, chumba kilikuwa nyuma ya tatizo. Na kinachowapita wengi ni kwamba ukikuta soketi iliyokufa ya kwanza, kosa linaweza kuwa kwake, au kwenye waya uliomfikia, au kwenye soketi ya mwisho iliyo hai, kwenye ile skurubu inayompasia mwenzie. Kwa uzoefu wangu hiyo ya mwisho ndo inayoongoza, na ndo inayofunguliwa mwisho kwa sababu "si inafanya kazi".

Nikatoa multimita, kile kifaa cha kupima volti na ukinzani. Soketi ya TV, vitu vyote vimechomolewa saketi nzima. Laivu kwa athi, ule waya wa usalama unaoenda ardhini, 231. Laivu kwa nyutro inaonyesha 74, inacheza, mara 68, mara 80. Nyutro kwa athi namba ndogo tu inayoyumba. Mtu anaweza kuona 74 akasema umeme ni mdogo, voltiji imeshuka. Hapana. Hiyo 74 ni kivuli. Multimita za kisasa zina ukinzani mkubwa sana ndani, kawaida megaomu 10, zinahitaji umeme kidogo mno kuonyesha namba, na waya ambao haujaungwa popote ukitembea ukutani pamoja na waya wenye umeme unaokota volti kidogo bila kuguswa. Namba inayoyumba na isiyoeleweka kwenye soketi iliyokufa ni dalili ya waya unaoning'inia. Ukiweka balbu kidogo tu kama lodi, yaani kitu cha kuvuta umeme, namba inaanguka sifuri.

Kwa hiyo nikaweka lodi. Ile taa ya meza nikaichomeka chumba cha watoto, swichi yake nikawasha, haikuwaka bila shaka, nikarudi sebuleni kupima tena. Laivu kwa nyutro sifuri. Nyutro kwa athi 231. Testa kwenye shimo la laivu inawaka, kwenye shimo la nyutro inawaka pia, kali tu. Hapo kesi imekwisha upande wa "nini", imebaki "wapi". Umeme umetoka kwenye laivu, umepita ndani ya balbu, umeingia waya wa nyutro kutafuta njia ya kurudi dibii, umekuta njia imekatika, sasa nyutro yote ya upande ule imebaki na volti 231 imesimama hapo. Pande zote mbili za balbu zina volti sawa, hamna tofauti, hamna mkondo, balbu haiwaki. Testa yenyewe haijali lolote kati ya hayo, kile kitaa chake kinahitaji mkondo mdogo sana unaopita mwilini mwako kwenda chini, kwa hiyo mwisho wa uwezo wake ni kukuambia "hapa kuna volti". Habari za njia ya kurudi haizijui. Fundi aliyepita angeweka testa shimo la pili wakati TV bado imechomekwa angeona inawaka na huko, na nina hakika angeshtuka.

Na ndo sababu ya kumwambia mama achomoe kila kitu. Kifaa kilichochomekwa kwenye soketi ya namna hii kinaonekana kimekufa kabisa lakini ndani yake pande zote zina umeme, mtu anakifungua mezani kuangalia fyuzi huku plagi iko ukutani kwa sababu "hamna umeme", anashika upande wa nyutro akiamini ni salama. Mafundi pia wanapigwa hapa. Wengi tumezoea nyutro haina kitu, tunaishika bila kufikiri, na nyutro iliyokatika upande wa lodi ni laivu kamili.

Mtu atauliza mbona RCD haikujikata, si ndo kazi yake. RCD inalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, ukipungua mmoja kwa miliamperi 30 hivi inakata kwa sababu kuna umeme unaovuja kwenda pengine, pengine mwilini mwa mtu. Hapa umeme hauendi wala haurudi, sifuri na sifuri ni sawa, RCD imeridhika. Breka ya kawaida nayo inaangalia mkondo mkubwa au shoti tu. Hamna kifaa kwenye ile dibii ambacho kazi yake ni kugundua nyutro iliyolegea. Kuna breka za kugundua cheche ndani ya waya, sheria za umeme za Marekani zilizitaja kwa soketi za vyumba vya kulala kwenye toleo la 1999 na sharti likaanza 2002, lakini kwenye nyumba nyingi duniani hutazikuta, na hata zilipo sio kila mguso mbovu zinauona.

Katikati ya kazi mjomba wao akapiga simu, akaniomba aongee na mimi, akasema kijana wangu usisumbuke, si athi ipo hapo, toa nyutro kwenye athi mambo yaishe. Nikamjibu mzee wangu hiyo siwezi. Na naieleza hapa maana ushauri huu unazunguka sana na ubaya wake ni kwamba unafanya kazi. Ukiunganisha shimo la nyutro na waya wa athi kwenye nyumba isiyo na RCD, TV itawaka papo hapo. Sasa waya wa athi, ambao haupaswi kupitisha mkondo kabisa siku za kawaida, unabeba mkondo wa pasi na feni na kila kitu, na siku athi ikilegea mahali, mabati yote ya vifaa vilivyoungwa na ile athi, mwili wa friji, mwili wa mashine ya kufulia, yanapanda volti kupitia lodi yako. Mtu anashika mlango wa friji anapigwa. Kwenye nyumba hii yenye RCD isingefika huko, ingejikata mara tu unapochomeka kitu, na hapo ndo mtu anashawishika kuiondoa RCD "inayosumbua". Mzee alielewa, akasema basi endelea.

Sasa wapi. Korido iko hai, soketi ya TV imekufa, kati yao kuna ukuta. Nikamuuliza mama, kati ya hapa korido na hapo TV kuna soketi nyingine? Hapana fundi, sebule ina hiyo moja tu. Nikaangalia umbali, nikaangalia ule ukuta mrefu mtupu wenye kabati kubwa la vyombo, nikasema haiwezekani fundi aliyejenga aliruka ukuta wote huu. Tukavuta kabati. Soketi hiyo hapo, vumbi tupu, haijachomekwa kitu tangu kabati liwekwe. Nikaweka taa ya meza, ikawaka. Mama akacheka, "kumbe hii ipo!"

Kwa hiyo maelezo ya "sebule yote imekufa" hayakuwa sahihi, na sio kosa la mtu, hamna anayeorodhesha soketi asizotumia. Lakini ndo maana siamini maelezo ya mdomo kwenye ramani ya saketi, nazunguka mwenyewe, natazama nyuma ya kitanda, nyuma ya friji, nyuma ya mapazia. Kava tupu ukutani isiyo na mashimo nayo ihesabu, nyuma yake kunaweza kuwa na maungio.

Kitu kingine kikajitokeza hapohapo. Binti wa nyumba akasema huku nyuma ya kabati ndo kulikuwa na ile harufu. Harufu gani? Kama samaki, akasema, siku kadhaa, walitoa vyombo vyote kwenye kabati wakitafuta kilichooza, hawakupata. Harufu ya samaki mahali pasipo na samaki ni ya plastiki ya soketi au ya waya inayopata joto kupita kiasi, na mtu akinitajia hilo kwenye simu nampa maelezo ya kuzima breka kabla hajamaliza sentensi. Wakakumbuka pia kwamba TV ilikuwa inajizima na kujiwasha mtu akipiga pasi chumbani, wakaona ni TV.

Nikazima mein swichi, sio breka ile peke yake, dibii isiyo na majina siiamini. Kabla ya kuzima nilishaijaribu multimita kwenye soketi ninayojua ina umeme, ikaonyesha, na baada ya kuzima, kabla ya kugusa, nikapima soketi ya kabati, sifuri pande zote, laivu na nyutro, laivu na athi, nyutro na athi. Kisha nikaithibitisha multimita yenyewe kwamba haijafa katikati, wengine wanatembea na kifaa kidogo cha kuthibitishia, mi nilitumia ekstensheni ya inveta ndogo iliyokuwa kwenye gari. Hatua hii inaonekana ya kupoteza muda. Ifanye.

Pima ya mwisho kabla ya kufungua, kwa omu, umeme umezimwa: laivu kutoka dibii mpaka soketi ya TV ikatoa nusu omu ukijumlisha na nyaya za kifaa, inaeleweka, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una omu 7.41 kwa kilomita, kwa hiyo mita 20 ni kama 0.15 tu na kilichobaki ni skurubu na nyaya za kupimia. Nyutro njia hiyohiyo, wazi kabisa, hamna mawasiliano. Nyutro dibii mpaka soketi ya kabati, nzima.

Nikafungua. Nyuma ya soketi upande wa nyutro plastiki imegeuka kahawia mpaka nyeusi, upande wa laivu ni safi. Waya wa nyutro unaoingia ulikuwa umebanwa vizuri. Ule unaotoka kwenda TV uliingizwa kwenye tundu hilohilo lakini aliyeuchuna hakuuchuna vya kutosha, skurubu ilikuwa imebana ganda la plastiki na shaba ikigusa kwa ncha tu. Kwa miaka ilitosha. Shaba inapata joto inatanuka, inapoa inasinyaa, ganda la plastiki linalainika na kutoa nafasi, mguso unapungua, juu ya shaba panaota utando mweusi, ukinzani unaongezeka, joto linaongezeka, na joto linaongeza ubovu uleule uliolileta. Nilipougusa waya ukatoka wenyewe, ganda lake likavunjika mkononi kama sentimita tatu.

Watu wanashangaa inawezekanaje kitu kiungue hivo na breka ya amperi 20 isijikate, basi piga hesabu. Pasi ya wati 2000 kwa volti 230 inavuta amperi 8.7. Mguso mbovu ukiwa na nusu omu tu, joto linalotoka pale ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, yaani 8.7 mara 8.7 mara 0.5, karibu wati 38, zimekaa kwenye kipande cha shaba kisichozidi punje ya mahindi, ndani ya boksi lililofungwa, nyuma ya kabati la mbao. Volti inayopotea ni nne na kidogo, pasi haitakuambia lolote, itapata moto vizuri tu. Sasa watoto nao wawashe hita ya wati 1500, mkondo unafika kama amperi 15, joto kwenye ile skurubu linapita wati 115. Amperi 15 kwenye breka ya 20 ni halali kabisa. Na hapa ndo naona watu wanapotea, wakisikia "imeungua" wanafikiri breka ilikuwa kubwa mno au ndogo mno, wanataka kubadilisha breka. Usiweke breka kubwa kwenye waya wa 2.5 kwa sababu ya kisa kama hiki, breka haina kosa, skurubu ndo ina kosa.

Kurekebisha kulikuwa na karaha yake. Waya ulioungua nikaukata mpaka nilipokuta shaba inayong'aa na ganda laini, ukabaki mfupi, haufiki kwenye soketi. Kuna wanaouvuta kwa nguvu mpaka ufike, utakaa umekaza kama ulivyokaa mwanzo na utalegea tena. Nikaweka konekta ya kubana yenye matundu matatu ndani ya boksi, nyutro inayoingia tundu moja, inayotoka kwenda TV tundu la pili, kipande kifupi kipya cha kwenda kwenye soketi tundu la tatu. Faida yake ni kwamba nyutro ya vyumba haitegemei tena skurubu ya soketi hii, hata siku soketi ikitolewa vyumba vinabaki na njia ya kurudi. Laivu nikaifanyia vilevile ingawa ilikuwa nzima. Maungio ya tepu peke yake, kusokota waya na kuufunga tepu nyeusi, hapana, hiyo ni kuandaa kisa kingine. Soketi ya zamani sikuirudisha hata kama mashimo yake yanashika, shaba ya ndani ikishapata moto wa namna ile inapoteza mkazo. Kila waya baada ya kukaza nikauvuta kwa mkono, ukitoka afadhali utoke sasa.

Kabla ya kurudisha umeme nikapima nyutro mwanzo mpaka mwisho, sasa inasoma sawa na laivu. Nikapima pia maganda ya waya kwa mega, kifaa kinachosukuma volti kubwa kuona kama ganda linavujisha, volti 500 za DC, vifaa vyote vimechomolewa maana mega inaweza kuua kilichochomekwa, kiwango cha chini kinachokubalika kwa saketi kama hii ni megaomu 1, nikapata 40 kati ya nyaya na athi. Kwa nyumba ya umri huo nimeridhika.

Umeme ukarudi, nikazunguka soketi zote, nikakuta kitu chumba kikubwa. Laivu na athi sifuri, nyutro na athi 232. Yule fundi alipoweka soketi mpya aligeuza, nyekundu zote mbili kaziingiza nyutro, nyeusi zote mbili kaziingiza laivu, na kwa kuwa kazigeuza mbilimbili chumba cha watoto kinachofuata kikawa sawasawa. Feni itazunguka, pasi itapiga, hamna atakayejua. Lakini swichi ya soketi sasa inakata nyutro badala ya laivu, ukizima kifaa bado kina umeme ndani. Nikazima tena mein, nikazirudisha mahali pake.

Jaribio la mwisho ni la lodi, na hili wengi wanaliruka, wanaona 232 wanafunga mkoba. Volti bila lodi haikuambii chochote kuhusu mguso, umeshaona hapo juu. Nikachomeka pasi chumba cha watoto, soketi ya mbali kuliko zote, nikapima karibu yake ikiwa inavuta. Kutoka dibii mpaka pale ni kama mita 25, kwenda na kurudi omu 0.37, kwa amperi 8.7 nategemea kupoteza volti tatu na kidogo. Ikashuka kutoka 232 mpaka 228. Sawa. Ingekuwa 220 ningejua kuna skurubu nyingine inayokula. Nikaiacha pasi kama robo saa hivi nikaenda kugusa kava ya soketi ya nyuma ya kabati kwa mgongo wa mkono, baridi.

Ukikutana na kisa kama hiki kwenye saketi ndefu yenye soketi kumi na zaidi, usifungue moja moja kuanzia mwanzo, zima umeme, fungua ya katikati, pima nyutro kutoka dibii, ikiwepo tatizo liko mbele kuelekea soketi ya mwisho, isipokuwepo liko nyuma kuelekea dibii, kila ukifungua unatupa nusu ya kazi. Na kwa saketi za mzunguko, zile zinazotoka dibii na kurudi dibii, ujue nyutro ikikatika sehemu moja hamna soketi itakayozima, zote zitalishwa kutoka upande wa pili, na waya uliobaki utabeba mzigo wa wawili kimya kimya. Huko utaligundua kwa kupima tu, ncha kwa ncha, umeme umezimwa na nyaya zimetolewa dibii.

Soketi zilizobaki kwenye saketi hii nilizifungua zote siku hiyohiyo, ya korido nyutro yake ikakubali karibu nusu mzunguko wa bisibisi, nyingine zilikuwa zimekaza. Skurubu za baa ya nyutro ndani ya dibii pia nikazipitia, umeme umezimwa. Breka nikaziandika majina. Saketi ya jikoni, yenye birika na maikrowevu na friji kwenye waya mmoja, nilitaka kuifungua palepale, mama akasema vumbi la leo limetosha, nije Jumamosi na vyombo vitakuwa vimeshatolewa.